Uhakiki wa gemu: alama zibaki au zifutwe? Mimi nasema kila namba iwe na mwenyewe

Mwanzisha uzi

Wadau, nawasalimu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi.

Kila gemu kubwa ikitoka tunaona yaleyale. Mtu anabandika namba hapa, 96 au 84 au 7 kati ya 10, matusi yanaanza na kuendelea hadi usiku wa manane, na hakuna hata mmoja aliyesoma maneno yaliyo chini ya namba yenyewe. Sasa limekuja pendekezo kwamba kwenye uhakiki tunaouandika wenyewe humu tufute alama kabisa, tubaki na maelezo. Nalipinga, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili linagusa mifuko yetu.

Gemu kubwa zilianza kuuzwa dola 70 PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony) ilipoingia mwaka 2020. Kwa shilingi ya Kenya ya leo hizo ni zaidi ya 9,000. Bado hujalipia bando wala faiba ya kuishusha, na faili zenyewe si ndogo: Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150. Mtu wa mtaani kwetu akinunua gemu kwa bei hiyo hajaribu bahati. Anataka aliyeicheza amwambie wazi: toa pesa, au tulia. Nimesoma uhakiki mwingi usio na alama, grafiki zimesifiwa, hadithi imechambuliwa, muziki umetajwa, na nikifika mwisho sijui kama mwandishi mwenyewe angeinunua. Namba inamlazimisha asimame mahali.

Ninachokipinga mimi ni wastani. Tovuti ya Metacritic ipo tangu 2001. Inakusanya alama za wahakiki, inazigeuza zote ziwe kati ya 100, kisha inatoa wastani ambamo machapisho mengine yana uzito kuliko mengine, na uzito huo hautangazwi. Hebu fikirieni. Mwandishi mmoja anatoa nyota 4 kati ya 5, akimaanisha gemu nzuri sana. Pale anaandikiwa 80. Mwingine anayetumia mizani ya 100 anatoa 80, akimaanisha ni nzuri lakini subiri ishuke bei. Wawili hao hawakusema kitu kimoja, ila kwenye hesabu ni mapacha. Na namba inayotoka mwishoni hakuna mtu duniani aliyeisema. Huwezi kumuuliza yeyote "kwa nini 84?" kwa sababu hakuna aliyetoa 84.

Hiyo 84 siitaji ovyo. Fallout: New Vegas ilitoka 2010, ikitengenezwa na studio ya Obsidian kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian, alisema hadharani kwamba wangepata bonasi kama gemu ingefikisha 85 Metacritic. Ilipata 84. Watu waliokesha kazini walikosa pesa kwa alama moja ambayo haina mwenyewe, na leo gemu hiyo bado inachezwa na kusifiwa.

Kwa hiyo pendekezo langu. Jarida la Famitsu la Japani lina mtindo wa wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama yake kati ya 10, na zote zinachapishwa pamoja. Tuchukue hapo. Kila gemu humu ihakikiwe na watu wanne, namba nne ziwekwe sambamba, kila moja na mwenyewe, na kila mmoja aseme amecheza kwenye mashine gani. Famitsu hujumlisha hadi 40; sisi tusijumlishe. Nikiona 9, 9, 4, 8, jambo la kwanza nitakalofanya ni kumtafuta wa 4 nimsome. Ukinipa 7.5 umenificha huyo mtu.

SomaKwanza

Ndugu, hoja ya wastani nakubali yote. Lakini umemwachia mkosaji mkubwa atoke mlangoni akitembea.

Shida ni namba yenyewe, iwe na mwenyewe au isiwe naye. Mwaka 2017 Zelda: Breath of the Wild ilipotoka, karibu kila mtu aliipa 10. Mhakiki mmoja aliyejiandikia kwenye tovuti yake alitoa 7 kati ya 10, akaeleza kilichomchosha, na silaha zinazovunjika zilikuwamo. Tovuti yake ikashambuliwa hadi ikaanguka. Jamaa alikuwa na jina na sababu, kila unachokitaka wewe. Hakuna aliyebishana na sababu zake. Walibishana na 7.

Na mizani yenyewe imeharibika. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kila mtu anajua C ni nini na D ni nini, gredi zote zinatumika hadi E. Kwenye gemu 7 ndiyo imekuwa D. Chini ya 6 hakukaliki. Mizani ya 10 ambayo nusu yake haina watu itampa nani habari?

Tena gemu za siku hizi hazikai mahali pamoja. No Man's Sky ya Agosti 2016 na No Man's Sky ya leo ni vitu viwili. Imepewa masasisho ya bure miaka yote hiyo, na wachezaji wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walioichukia wakarudi kuipigia dole juu. Alama za wahakiki wa 2016 ziko palepale. Maelezo yenye tarehe yanazeeka vizuri, msomaji anaona yalikuwa ya wakati ule. Namba haina wakati.

Angalieni tovuti za gemu. Eurogamer waliziacha alama mwaka 2015. Polygon 2018. Kotaku nao hawana. Hao si watoto.

KibandaKayole

Mimi nina kibanda cha PS huku Kayole na nasoma hapa nikingojea wateja. Niseme ukweli, hakuna mhakiki hata mmoja, mwenye namba au asiye nayo, aliyewahi kujibu swali langu. Swali langu ni hili: watu wawili watakaa benchi moja, TV moja, kontrola mbili, wacheze?

Kwangu ni mbao, yaani shilingi ishirini, kwa mechi. Vijana wanaingia saa kumi wakitoka shule, anayeshindwa anaachia kontrola, anayeshinda anakaa. Gemu ambayo nusu saa ya kwanza ni hadithi, mtu anatembea msituni akiongea na babake, kwangu haina kazi hata ikipewa 100. Gemu inayodai intaneti kila inapofunguka ndiyo mbaya zaidi, maana siku mtandao ukilala nimefunga duka. Niliwahi kuuziwa diski mjini, muuzaji akaniapia kwamba inachezwa watu wawili. Kumbe wawili kila mmoja na TV yake na intaneti yake. Kwenye uhakiki wote niliousoma baadaye, jambo hilo lilikuwa aya ya kumi na kitu, nusu sentensi.

Kwa hiyo wekeni namba, ondoeni namba, mimi naomba mstari wa juu kabisa uandike: wangapi kwenye TV moja, na bila intaneti inafunguka?

BintiKahawa

Naunga mkono aliyetangulia, ingawa mimi niko upande mwingine kabisa, nachezea laptopu hapa Kahawa West.

Mimi alama za wahakiki niliacha kuziangalia. Naangalia Steam, ambapo mchezaji anasema tu dole juu au dole chini, na saa alizocheza zinaonekana pembeni ya jina lake. Hizo saa ndizo dhahabu. Mtu wa dole chini mwenye saa 300 ana jambo la kuniambia. Kisha kuna marejesho: ukiomba ndani ya siku 14 na hujazidi saa mbili za kucheza, pesa inarudi. Hapo ndipo uhakiki wangu halisi unafanyika.

Mfano wa kwa nini 96 hainisaidii. Elden Ring, Februari 2022. Wahakiki waliipandisha hadi 96. Siku ileile Steam ilijaa watu wa kompyuta wakilalamika kwamba picha inaganda kila baada ya muda mfupi, hata kwenye mashine za bei kali. Ni gemu nzuri, simkatalii mtu. Lakini mwenye laptopu ya kawaida alihitaji kujua la kuganda kabla ya kujua la 96.

Ila SomaKwanza, usidhani wachezaji ni malaika. The Last of Us Part II ilitoka Juni 2020 na ndani ya saa chache ilikuwa na maelfu ya alama za 0 Metacritic, muda ambao hakuna aliyeweza kuimaliza. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka kanuni kwamba mchezaji asubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo aandike.

Halafu kuna hili, na ndilo linaloniuma. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Gemu ikazamishwa kwa madole chini na ikaondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Wengi wetu wenye PlayStation tumejiandikisha kama wakazi wa Marekani au Afrika Kusini, tunanunua kadi za salio za huko. Sony wakarudi nyuma kuhusu akaunti baada ya siku chache. Sasa niambieni: ni mhakiki gani wa London aliyeandika kwamba gemu hii inaweza kufungiwa mtu wa Nairobi? Hakuna, kwa sababu yeye haimhusu. Hiyo ndiyo kazi yetu, na hapo sioni namba ikinisaidia wala kunidhuru.

Mwanzisha uzi

Dada wa Kahawa na kaka wa Kayole, mmetaja mambo ambayo mimi niliyapita haraka. Mstari wa juu nakubali: watu wangapi TV moja, intaneti, akaunti ya nchi gani, ukubwa wa faili. Uwe wa lazima.

Sasa SomaKwanza. Umetaja Eurogamer wa 2015. Malizia hadithi. Mei 2023 walirudisha alama, nyota kati ya 5. Walizikimbia miaka minane wakarudi. Na hata katika ile miaka minane hawakuwa na maelezo matupu, walikuwa na mihuri: ya lazima, inapendekezwa, iepuke. Hizo ni alama zilizovaa maneno.

La Zelda nakubali lilikuwa aibu. Lakini tusiwape wahuni haki ya kuamua tuandike vipi. Halafu kumbuka mashabiki hao walilinda nini: walilinda wastani. Ilikuwa 98, baada ya ile 7 ikashuka hadi 97. Kama wastani usingekuwepo, 7 ya mtu mmoja ingekuwa 7 ya mtu mmoja, asiyeipenda apite.

Na kuna tukio la kuunga mkono upande wangu ambalo sitaki lisahaulike. Novemba 2007 tovuti ya GameSpot walimfukuza mhakiki wao Jeff Gerstmann, muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men 6.0, huku matangazo ya gemu hiyohiyo yakiwa yametanda kwenye tovuti nzima. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alithibitisha hadharani kwamba uhusiano na watangazaji ulihusika. Wengi husema tukio hilo linaonyesha ubaya wa alama. Mimi nalisoma kinyume. Angeandika aya nane za "ina mazuri yake, ina mabaya yake", nani angemgusa? Ile 6.0 haikuweza kufunikwa kwa tangazo. Kila aliyeiona aliielewa papo hapo, pamoja na waliolipia matangazo. Kitu kinachomwogopesha mwenye pesa kiasi hicho sitaki tukiweke chini kwa hiari yetu.

La mizani iliyokaa nusu tupu ni kweli. Tiba yake tunayo mikononi: tuitumie nusu ya chini. Gemu iliyotushinda kuimaliza iandikwe 3, na sababu.

SomaKwanza

Eurogamer umenibana. La Gerstmann nalipokea nusu. Kweli namba ilimwogopesha mwenye pesa, lakini aliyelipa gharama ni mwandishi, na waandishi waliobaki kwenye magazeti mengine walijifunza somo. Sidhani somo lilikuwa ujasiri.

Bado hujajibu la gemu zinazobadilika. Cyberpunk 2077: Desemba 2020 wahakiki walipewa toleo la kompyuta kabla ya siku yenyewe, alama zikawa za juu. Siku ya kutoka, wenye PS4 wakakutana na kitu kisichochezeka, na ndani ya takriban wiki moja Sony wakaitoa kwenye duka lao. Ilirudi Juni 2021. Wanne wako wangetoa namba gani, lini?

Mwanzisha uzi

Wangetoa namba ya mashine waliyochezea, kwa tarehe waliyochezea. Ndiyo maana nimesema mashine itajwe. Wa PS4 angetoa 2 ikakaa kando ya 9 ya kompyuta, na mwenye PS4 angeokoa pesa yake siku ya kwanza. Gemu ikirekebishwa, mwenye 2 airudie, aandike namba mpya kando ya ile ya zamani bila kuifuta. Tarehe kwenye kila namba. Hili nalichukua kutoka kwako.

FundiMsimbo

Niwaletee upande wa jikoni. Natengeneza gemu hapa Nairobi, studio ndogo, sitaitaja kwa sababu sikuja kujitangaza.

Mnajadili kama namba zinaumiza. Nyie hamjui ukimya unavyoumiza. Metacritic haionyeshi wastani wowote mpaka gemu ipate angalau uhakiki nne. Gemu nyingi za Afrika hazifiki hapo. Aurion ya Kiro'o Games kutoka Kameruni ilifika Steam mwaka 2016, gemu kamili ya mapigano na hadithi, na bado nakutana na wachezaji wakubwa wa hapa mjini ambao hawajawahi kuisikia. Mtu akinipa 5 kati ya 10 baada ya kuimaliza gemu yangu, nitamtafuta nimnunulie chai.

Shida tunayoipata kwa wahakiki wa nyumbani ni tofauti na mnayoisema. Wanatupa 8 ya uzalendo. Kijana anacheza dakika ishirini, anaona matatu yenye michoro, anaona mhusika anaongea Sheng, anafurahi, anaandika 8 na bendera tatu. Mnunuzi anaamini, analipa kwa M-Pesa, anakuta menyu inaganda na maandishi hayasomeki kwenye simu ndogo. Huyo hatanunua tena gemu ya Kenya, yangu wala ya mwenzangu. Ile 8 imemfukuza mteja ambaye 5 ya kweli ingemwandaa. Akijua anakutana na gemu ya watu watatu wasio na mtaji, yenye wazo zuri na menyu mbovu, atavumilia menyu. Akiahidiwa 8, hatavumilia.

Na mimi kama fundi, 8 ya uzalendo hainifundishi. Nikiona namba nne, 7, 6, 6 na 2, naenda moja kwa moja kwa wa 2. Labda simu yake ina RAM ndogo, na hilo ni jambo naweza kulirekebisha wiki ijayo. Maelezo peke yake yanafichika kwa adabu, sisi Wakenya hatupendi kumvunja mtu moyo usoni pake. Namba haina adabu hiyo. Kwa hiyo nipo na mwanzisha uzi, kwa sharti moja: gemu za hapa zipimwe kwa rula ileile ya gemu za nje. Kama ni kunionea huruma, nioneeni kwenye maelezo, taja bajeti, taja tulikuwa wangapi. Namba iacheni iseme ukweli.

BintiKahawa

FundiMsimbo umeniokota. Nilikuwa katikati, sasa nipo na wenye namba. Lakini nami naongeza la kwangu: saa zilizochezwa ziandikwe. Aliyecheza saa mbili asitoe namba, atoe maoni tu.

SomaKwanza

Sijabadilika, mimi nikiwa mmoja wa wanne nitaandika maneno na mahali pa namba nitaweka mstari. Kama mnaweza kuishi na hilo, nipo.

Mwanzisha uzi

Tunaweza. Mstari wako nao una mwenyewe. Lakini utaandika kama ungeinunua au la, kwa neno moja, ndiyo au hapana. Hilo sikuachilii.

SomaKwanza

Sawa. Ndiyo au hapana naweza.

KibandaKayole

Basi mimi naanza, maana gemu hii naiona kila siku na wateja bado hawajafika.

EA Sports FC 24, gemu ya kandanda. Watu kwenye TV moja: wawili kwa raha, wanne wakibanana. Bila intaneti: mechi za kawaida zinafunguka, nikishasasisha vikosi mtandao ukiwepo. Mashine: PS4 ya zamani, feni inapiga kelele. Saa: sijazihesabu, ni tangu ilipotoka 2023, kutwa nzima.

Wahakiki wengi waliisifu jinsi wachezaji wanavyokimbia kama wa kweli. Hiyo teknolojia ya HyperMotionV iko kwenye PS5, Xbox mpya na kompyuta, kwenye PS4 haipo. Kwa hiyo walichokisifu kwangu hakijaja, na bei ya diski haikunipunguzia kwa hilo. Menyu zake ni nzito, mteja amelipa mbao na anangoja. Sehemu ya kununua kadi za wachezaji kwa pesa taslimu nimewakataza vijana hata kuifungua. Lakini mechi ikianza, mashabiki wa Gor na AFC wa mtaa huu wanakaa benchi moja na hakuna anayeinuka mpaka stima ipotee.

Namba yangu kama mwenye kibanda: 8. Ningeinunua? Ndiyo, ila iliyotumika. Wa pili ni nani, na awe wa PS5 tafadhali.